Ubishi wa Bei ya RAM

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hodo alipitia dukani kwa baba yake kupangusa vumbi. Vumbi la Garissa haliombi ruhusa. Ukifunga mlango linapita chini yake, ukiziba dirisha linatafuta ufa. Kwa hiyo Hodo alikuwa na brashi ndogo ya kupakia rangi, na kwa brashi hiyo alipitia kibodi moja baada ya nyingine, akifagia kati ya vitufe mpaka vikang'aa.

Baba yake, Korane, aliuza kompyuta zilizotumika na vipuri vyake. Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango, palikuwa na duka la Munyao, ambaye pia aliuza kompyuta. Munyao alikuja Garissa kutoka Mwingi akiwa kijana wa kutengeneza redio. Hapa ndipo alipopata wateja, hapa ndipo alipojenga, na hapa ndipo alipozaliwa binti yake, Mwikali. Watu waliozoea kuona wenye maduka yanayofanana wakinuniana walishangaa kuwaona hawa wawili. Kila siku saa ya chai Munyao alivuka barabara, akaketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwa Korane, wakala sambusa pamoja na kupiga soga. Hodo alimwita adeer, yaani baba mdogo, kama alivyowaita ndugu za baba yake mwenyewe. Yeye na Mwikali walikuwa Gredi ya Saba, na walikalia dawati moja.

Ubishi ulianza mwezi wa Januari, kwa utani.

"Walalo, ndugu yangu," Korane alimwambia Munyao, akipuliza chai yake, "mwaka huu RAM itapanda mpaka mtu ashike kichwa."

RAM ni kile kipande chembamba cha kumbukumbu kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili ifanye kazi haraka. Kompyuta yenye RAM ndogo huganda kila wakati, na mwenye nayo hukaa akiitazama tu.

"Nani amekudanganya?" Munyao akauliza.

"Sijadanganywa, nimesoma. Huko ng'ambo wanajenga maghala makubwa ya kompyuta, zile zinazofunzwa kujibu maswali ya watu. Zinakula RAM kama ngamia aliyefika kisimani. Viwanda vinawauzia hao kwanza. Sisi wa Garissa tutapata masalio, tena kwa bei ya dhahabu."

Munyao akacheka. "Mimi niko kwenye biashara hii tangu wewe ukiuza viatu. Nimeona RAM ikipanda na nimeiona ikianguka. Bei ikipanda, kila kiwanda kinakimbilia kutengeneza nyingi. Baada ya muda zinajaa sokoni na waliozificha wanalia. Mimi sinunui hata moja ya kuweka."

"Na mimi nitajaza kabati lile lote."

"Basi tupinge!"

"Si kwa pesa," Korane akasema haraka. "Kamari ni haramu."

"Hata kanisani kwetu wangenikemea. Si kwa pesa. Siku shule zikifunguliwa muhula wa pili, tuulize bei kwa muuzaji wa jumla wa Nairobi. Ikiwa imepanda, nitafagia mbele ya duka lako soko zima likiniona. Ikiwa imeshuka, utafagia langu."

Walipeana mikono huku wakicheka. Hodo naye alicheka pale kaunta. Alijiambia moyoni kwamba baba yake hawezi kushindwa.

Bei ikaanza kupanda. Ilipanda kidogo mwezi wa Februari, ikapanda sana mwezi wa Machi. Kila ilipopanda, Korane alisimama mlangoni na kuitangaza kwa sauti kuvuka barabara, "Munyao! Umesikia ya leo? Tafuta ufagio mapema!" Mwanzoni Munyao alijibu kwa mzaha. Baadaye akawa anainua mkono tu bila kusema. Mwishowe akaacha kabisa kuvuka barabara saa ya chai, na kile kiti cha plastiki kikaanza kukaliwa na watu wengine.

Mama yake Hodo, Barni, aliyaona hayo. "Baba Hodo," alimwambia mumewe jioni moja, "utani ukimkera mtu si utani tena. Mwache huyo mtu."

"Yeye ndiye aliyetaka tupinge," Korane akajibu. "Mwanamume asiyeweza kushindwa asishindane."

Maneno hayo Hodo aliyabeba mpaka shuleni. Mwikali aliposema kwamba baba yake anaona bei itashuka tu, Hodo alimkata kauli. "Baba yako hajui biashara. Asiyeweza kushindwa asishindane."

Mwikali alimtazama kwa mshangao, kisha akafungua kitabu chake. Siku hiyo hawakutembea pamoja kurudi nyumbani.

Shule zilipofunguliwa muhula wa pili, bei ya RAM ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ya Januari. Asubuhi hiyo duka la Korane lilijaa wateja. Hodo alikuwa kaunta akimsaidia baba yake kufunga mizigo, maana shule yao ingefunguliwa baada ya chakula cha mchana. Ndipo Munyao alipovuka barabara.

Hakuja kwa mwendo wake wa zamani. Alikuwa amevaa shati safi, na aliinamisha uso kama mtu anayeingia ofisini kuomba. "Korane," alisema kwa sauti ya chini, "tuzungumze pembeni."

"Zungumza hapa hapa. Hawa wote ni watu wetu."

Munyao akasita. "Nilikubaliana na shule ya sekondari ya wasichana kuwawekea RAM kwenye kompyuta zao. Tuliandikiana mwezi wa Januari, kwa bei ya wakati ule. Wasichana wa Kidato cha Nne wana mtihani wa kompyuta, na mashine zinaganda. Nairobi wameniambia hawana, nisubiri. Hapa mjini ni wewe tu uliye nazo."

Korane aliegemea kabati lake lililojaa. Hodo alimwona akitabasamu, na tabasamu lile halikuwa la saa ya chai. "Ufagio uko pale nyuma ya mlango," akasema.

Wateja wakaguna, wengine wakacheka. Munyao alimtazama rafiki yake. Kisha akauchukua ufagio, akatoka nje, akainama, akaanza kufagia.

Habari ya aina hiyo haihitaji mtu wa kuitangaza. Wauza maziwa waliacha madebe yao. Wenye mikokoteni ya maji walisimamisha punda. Kijana mmoja akapiga mbinja, mwingine akasema, "Huko pia, mzee! Umeacha karatasi!" Munyao alifagia huku jasho likimtiririka mgongoni.

Simu ya duka ilikuwa kaunta. Hodo aliichukua, akaielekeza mlangoni, akabonyeza kurekodi. Munyao alipoinama kuokota karatasi ile, kofia yake ilianguka kwenye vumbi alilolikusanya mwenyewe. Hodo alicheka kwa sauti.

Munyao alipomaliza aliingia ndani, akausimamisha ufagio mahali pake. "Nimelipa," akasema. "Sasa niuzie RAM za watoto wa watu."

Korane akamtajia bei. Ilikuwa bei ya siku hiyo, bila kupunguza hata kidogo.

"Korane! Hiyo itanifilisi. Nimefagia mbele ya mji mzima!"

"Umefagia kwa sababu ulishindwa. Bei ni bei."

Munyao aligeuka, akatoka, na watu wakampisha huku wakicheka.

Mchana huo, kabla ya kwenda shule, Hodo alimtumia video ile binamu yake Ugbad aliyekuwa Habaswein. Alimtumia yeye peke yake, acheke kidogo. Lakini Ugbad naye akamtumia rafiki mmoja, na rafiki akaiweka kwenye kikundi. Kabla ya wiki kwisha, video ilikuwa imerudi Garissa ikiwa na muziki juu yake na maandishi makubwa, "Mzee wa Ufagio."

Ilifika hata darasani. Wakati wa mapumziko mvulana mmoja aitwaye Kulow, aliyependa kuleta simu kwa siri, alipanda juu ya benchi. "Cheki hii! Cheki mbuyu wa Mwikali!" Watoto walimzunguka kumwona baba yake Mwikali akifagia. Mwikali alikuwa ameketi dawatini, kichwa chini. Kulow aliondoa muziki ili sauti yenyewe isikike, akainua simu juu.

Sauti ya soko ilisikika, kisha mbinja, kisha kicheko cha msichana, kirefu, kilichokatika katikati kama kwikwi.

Mwikali aliinua kichwa polepole. Hakumtazama Kulow. Alimtazama Hodo aliyekuwa kando yake. Watoto wengine hawakujua kicheko kile ni cha nani, lakini Mwikali alikuwa amekaa karibu nacho tangu walipokuwa wadogo.

"Ni wewe," akasema kwa sauti ya kunong'ona.

Mwikali akakusanya vitabu vyake, akaenda kuketi nyuma kabisa, peke yake.

Hodo alimaliza siku ile akingoja kuitwa ofisini. Hakuitwa. Alingoja siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Mwikali hakumshtaki kwa mwalimu, wala kwa baba yake, wala kwa mtu yeyote. Alimpita tu mlangoni kama mtu anavyopita nguzo. Hodo alitamani atukanwe. Angetukanwa, angepata la kujibu.

Mjini mambo yalizidi kuharibika. Munyao hakuweza kutembea sokoni bila kijana kumwonyesha ishara ya kufagia. Wateja wake walipungua, maana nani anataka kununua kwa mtu anayechekwa? Asubuhi moja alipofika kufungua duka, alikuta mtu ameandika kwa makaa kwenye mlango wa bati: "Fagia uende kwenu."

Munyao aliyasoma maneno yale. Kisha akavuka barabara kwa hatua kubwa.

"Korane! Toka nje!"

Korane akatoka. Hodo alikuwa ndani na brashi yake.

"Nimeishi hapa miaka yangu yote ya utu uzima," Munyao akafoka. "Binti yangu hajui kwingine. Leo naambiwa niende kwetu! Kwetu ni wapi? Ulinifanya nifagie, nikafagia. Ulikataa kuniuzia, nikanyamaza. Lakini video ile imepigwa kutoka ndani ya duka lako, juu ya kaunta yako. Ulikuwa unataka nini zaidi?"

"Sikupiga video!" Korane akajibu kwa hasira. "Duka lilikuwa limejaa watu. Kila mtu ana simu. Na mlangoni kwako sikuandika mimi!"

"Uliwafungulia njia walioandika!"

"Usinipigie kelele mlangoni kwangu!"

"Mwongo wewe!"

Korane alimsukuma kifuani. Munyao akamshika shati. Watu wakaingia kati, wengine upande huu, wengine upande ule, na kwa muda ilionekana kama vita vingesambaa soko zima. Walipotenganishwa, wote wawili walikuwa wanahema, vifungo vya shati la Korane vimetawanyika chini.

Jioni hiyo, kabla giza halijaingia, Korane alimwita Hodo sebuleni. Mama yake alikuwa pembeni akisukuma mkeka kwa mguu ili auweke sawa.

"Hodo, ulikuwa dukani siku ile. Ulimwona nani ameshika simu?"

Video alikwisha kuifuta kwenye simu ya duka. Hakuna ambaye angeweza kuikuta humo.

"Watu wengi, aabo," akamjibu baba yake.

"Kutoka kwetu hakuna?"

"Hakuna."

Korane akashusha pumzi. "Nilijua. Munyao amenishtaki kwa kamati ya wafanyabiashara. Nitamwonyesha nani mwongo."

Kamati ilikutana Jumamosi baada ya swala ya alasiri, katika chumba chao kilicho kando ya soko. Mwenyekiti alikuwa Ogle, muuza saruji na mabati, mtu mnene asiye na subira, aliyezoea kuwakemea madereva wa malori. Munyao aliketi upande mmoja na Mwikali na mama yake. Korane aliketi upande wa pili. Barni na Hodo walileta chupa za chai kwa ajili ya kamati, wakakaa karibu na mlango.

"Semeni upesi," Ogle akasema. "Watu wana kazi."

Munyao alisimama. "Sina mengi. Nafunga duka. Mwisho wa mwezi tunarudi Mwingi. Shule ile ya wasichana nimewaambia watafute mtu mwingine. Nilikuja tu kusema mbele yenu kwamba aliyenidhalilisha ni mtu niliyemwita ndugu."

Hodo alimtazama Mwikali. Mwikali alikuwa anatazama mikono yake.

Korane naye akasimama, uso umemwiva. "Ni kweli tulibishana. Ni kweli alifagia. Hilo tulikubaliana wote. Lakini video haikutoka kwangu wala kwa mtu wa nyumba yangu. Leteni msahafu. Nitaapa hapa mbele yenu wote."

"Korane," Ogle akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Kiapo si mchezo. Una hakika?"

"Nimeuliza nyumbani kwangu. Nina hakika. Mleteni."

Mjumbe mmoja akainuka kwenda kuuchukua msahafu uliokuwa juu ya rafu. Alitawadha kwanza nje kwenye birika, akarudi na kuushusha kwa mikono miwili. Korane akakunja mikono ya kanzu, akaenda kutawadha naye.

Hodo alijua kiapo ni nini. Dugsini, kwenye madrasa yao, walifundishwa. Baba yake alikuwa anakwenda kuweka mkono juu ya kitabu cha Mungu na kusema uongo asioujua, uongo aliopewa na Hodo mwenyewe. Chupa ya chai ilikuwa inamteleza mikononi. Akaiweka chini.

"Aabo, usiape."

Sauti ilitoka ndogo mno. Korane alikuwa amerudi, anakaribia meza.

"Aabo, usiape!" Safari hii ilitoka kama kelele. Watu wote waligeuka. "Ni mimi. Nilipiga video kwa simu ya duka. Nilimtumia Ugbad. Ulipouliza nilikudanganya. Kile kicheko ni changu."

Mama yake alishika mdomo. Mkono wa Korane ulibaki hewani, maji ya udhu bado yanadondoka kwenye vidole.

"Sema tena," alisema.

Hodo akarudia, huku machozi yanamshuka. Hakuacha hata lile la kuifuta video. Alipomaliza hakuna aliyemwambia pole. Munyao alimtazama kwa jicho kavu. "Wewe," akasema. "Wewe uliyeniita adeer." Akaketi kama mtu aliyechoka ghafla.

Mtu mmoja kwenye kamati akanong'ona kwamba mtoto apigwe. Ogle akagonga meza. "Mtoto amesema. Kabla ya kumpiga, sisi wakubwa tujiulize. Siku ile mimi nilipita pale. Nilimwona mtu mzima anafagia huku anazomewa, nikacheka na kwenda zangu. Ni nani hapa hakucheka?"

Hakuna aliyeinua mkono.

Korane alikuwa bado amesimama. Hasira ilikuwa imemtoka usoni, na mahali pake palikuwa na kitu ambacho Hodo hakuwahi kukiona kwa baba yake. "Nimekuja hapa kuapa," akasema polepole, "na ningeapa uongo. Mungu ameniepusha kwa mdomo wa mtoto yuleyule aliyekosa. Munyao, video ilitoka nyumbani kwangu. Uliniita mwongo, na mimi nikakusukuma."

"Na RAM?" Munyao akauliza kwa ukali. "Video ni ya mtoto. Kunifagisha na kisha kunitajia bei ile, hiyo ni ya mtoto pia?"

"Hapana," Korane akajibu. "Hiyo ni yangu."

Walipofika nyumbani Korane alisema neno moja tu. "Nilikuuliza, Hodo. Nilikuuliza kwa upole." Kisha akaingia chumbani. Hodo angeona afadhali viboko.

Asubuhi iliyofuata soko lilipokuwa limechangamka, Korane alifungua kabati lake, akajaza katoni, akaibeba begani mwenyewe na kuvuka barabara. Hodo alimfuata pamoja na mama yake. Vijana walisimama kutazama, wakidhani ugomvi umerudi.

Korane aliweka katoni juu ya kaunta ya Munyao. "Hizi ni za ile shule. Kwa bei niliyonunulia mimi mwezi wa Januari."

Munyao hakuigusa. "Sitakushukuru leo."

"Sikuja kushukuriwa." Korane akageuka kuwatazama watu waliojaa mlangoni. "Nyinyi mlioandika kwenye bati la mtu huyu, nisikilizeni. Huyu yuko kwao. Atakayemwonyesha ishara ya ufagio, asikanyage dukani kwangu." Kisha akaomba kitambaa na maji, akayafuta maneno yale ya makaa kwa mkono wake. Makaa yalikuwa yameng'ang'ania, ikabidi asugue kwa nguvu, na hata alipomaliza kivuli cha herufi kilibaki.

Jumatatu Hodo alimwomba mwalimu ruhusa, akasimama mbele ya darasa na kusema aliyerekodi video ile ni yeye, na kwamba aliyecheka ni yeye. Kulow akazomea. Wengine wakamwita mnafiki. Wiki nzima hakuna aliyetaka kutembea naye, naye hakulalamika. Alimtafuta Mwikali karibu na bomba la maji.

"Naomba unisamehe."

"Sijui bado," Mwikali akajibu. "Video bado iko. Hata shangazi yangu wa Mwingi ameiona. Utaifuta vipi kwake?"

Mwikali akageuka, akarudi darasani.

Munyao hakurudi Mwingi. Alirudi na vifaa vyake shuleni kwa wasichana, ambao walikuwa bado hawajapata mtu mwingine, akafungua kompyuta moja moja na kuziwekea RAM. Siku aliyomaliza kazi hiyo, mama yake Hodo alimpeleka binti yake dukani kwa Munyao kuomba radhi, maana pale kwenye kamati alikiri tu, hakuomba radhi.

Munyao alikuwa amefungua kompyuta mezani. Mwikali alikuwa kando yake akimshikia tochi. Hodo alisema yote aliyotaka kusema, akitazama sakafu. Alipomaliza, Munyao aliweka bisibisi chini.

"Mimi na baba yako tulibishana kuhusu bei," akasema. "Kubishana si kosa. Yeye alikisia, mimi nikakisia, yeye akapatia. Kesho nitapatia mimi. Hakuna mtu anayejua bei ya kesho. Kosa lilianza pale kila mmoja alipotaka kumwona mwenzake ameinama. Hata mimi nilitaka. Ningeshinda, ningemfagisha Korane na kucheka. Wewe mtoto ulituangalia, ukajifunza. Halafu ukakosa kosa lako mwenyewe. Ulimcheka mtu akiwa chini, na ulipoulizwa ulidanganya. Uongo wako ulikuwa neno moja tu, lakini ulikaribia kumfanya baba yako aape uongo, na ulikaribia kunihamisha mji."

Hodo akaitikia kwa kichwa.

"Sasa nisikilize vizuri. Kusema kweli hakufuti ulichofanya. Video ile itazunguka mpaka watu waichoke. Lakini ulisema kweli wakati ambapo hakuna aliyekushtaki, mbele ya watu, huku ukijua utachukiwa. Ukweli wako ulichelewa, Hodo. Siku nyingine usiucheleweshe. Ila ulifika kabla mkono wa baba yako haujagusa msahafu, na kwa sababu hiyo sisi wawili bado tunaweza kutazamana usoni."

Akarudi kwenye kazi yake. Mkono wa Mwikali ulikuwa umechoka kuinua tochi, mwanga ukawa unayumba. Alimtazama Hodo bila kutabasamu.

"Njoo unishikie tochi upande huu," akasema. "Lakini usitikise."

Hodo akasogea, akaishika.